Kijana Aliyetafuta Uso wa Kusoma

Msumari ulikatika kwa sauti ndogo tu, na mpwa wangu akainua macho kunitazama mimi.

Tulikuwa Chamwino, mkoani Dodoma, asubuhi ya Jumamosi, katika kivuli cha nyumba ya mzee mmoja anayetengeneza ilimba na mazeze, vyombo vya muziki vya Wagogo: ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma vinavyopigwa kwa dole gumba, na zeze ni chombo cha nyuzi. Mzee alikuwa amempa kijana msumari mrefu aupondeponde kwa nyundo mpaka uwe bapa, ili uwe chuma kimojawapo cha ilimba ndogo ya kujifunzia. Kijana aliuponda upande mmoja kupita kiasi, ukawa mwembamba kama jani, akajaribu kuunyoosha, ukakatika. Mzee alikuwa hatua chache kutoka pale, akichimbua ndani ya kipande cha gogo. Alisikia, kwa maana mkono wake ulisimama kidogo. Hakugeuka wala hakusema neno. Baada ya muda aliingiza mkono katika kopo la maziwa lililokuwa pembeni yake, akatoa msumari mwingine, akauweka juu ya jiwe mbele ya kijana, kisha akaendelea kuchimbua.

Lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa baada ya hapo ni yale macho. Nyundo ilikuwa mkononi mwake, vipande viwili vya msumari vilikuwa miguuni pake vikionyesha wazi mahali palipolegea, na fundi anayejua kila kitu kuhusu kazi ile alikuwa karibu kuliko mimi. Hata hivyo, mahali pa kwanza alipopeleka macho ni usoni kwangu, mtu ambaye sijawahi kuponda msumari hata mmoja maishani. Hakutaka nimweleze kilichotokea. Alitaka kujua kama amekosea kiasi gani, na jibu hilo alilitafuta katika nyusi zangu na mdomo wangu.

Alikuwa anatafuta uso wa kusoma.

Mtazamo ule naujua vizuri. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Dodoma, na kila siku ya kazi watoto hunitazama hivyo.

Kazi yenye sauti yake

Kwa aliyewahi kuhudhuria tamasha la kila mwaka la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, pale Chamwino, ilimba haihitaji utambulisho. Wengi wetu, hata hivyo, tumeisikia ikiwa imeshakamilika, mikononi mwa mtu anayejua. Kuiona ikitengenezwa ni jambo tofauti, kwa sababu hapo ndipo unapogundua kwamba chombo chenyewe ndicho mwalimu mkuu wa anayekitengeneza.

Kila chuma hupata sauti yake kutokana na urefu wa sehemu inayobaki huru, ile inayoguswa na dole gumba. Ukikisukuma ndani kidogo, sehemu huru hufupika na sauti hupanda. Ukikivuta nje, sehemu hiyo hurefuka na sauti hushuka. Unene nao una neno lake. Mzee hatumii rula wala simu. Hugusa, husikiliza, hugonga kidogo kwa nyundo, hugusa tena. Matundu ya sanduku huzibwa kwa utando mweupe wa buibui, ambao hutetemeka na kuipa ilimba ule mvumo wa kukwaruza ambao mgeni huweza kudhani ni hitilafu, ilhali mwenyeji akiukosa husema ilimba haijaamka. Kisha viko vyuma ambavyo havipigwi kabisa. Vimepangwa pamoja na vingine, na kazi yake ni kuitikia wenyewe wakati wenzao wanapopigwa.

Katika siku za mwanzo mpwa wangu alikuwa akigonga mara moja na kuuliza, "Babu, imekaa?" Mzee alikuwa na jibu moja.

"Isikilize."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, na kila alipolisema kijana alinitazama mimi tena, kana kwamba amenyimwa haki yake na mimi ndiye wa kumdai mzee kwa niaba yake. Nakiri nilitamani kusema kitu. Nilitamani kumwambia mzee kwamba mtoto ametoka mbali, kwamba anahitaji kutiwa moyo, kwamba neno "vizuri" halina gharama. Sikulisema kwa sababu ya adabu tu, maana nilikuwa mgeni pale, na mgeni hamfundishi mwenyeji kazi yake.

Sasa naamini kwamba neno hilo lingekuwa na gharama, na ambaye angeilipa ni kijana.

"Mwalimu, unataka tuandike nini?"

Jumatatu iliyofuata niliwaambia wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili waandike ukurasa mmoja juu ya jambo lolote wanalolijua kwa undani kutoka nyumbani kwao. Niliwaambia kwamba sitaukusanya na kwamba hautakuwa na alama. Darasa likawa kimya kwa namna ambayo sikuitarajia. Kisha mkono wa kwanza ukanyooka: "Mwalimu, unataka tuandike nini?" Nikarudia maelezo. Mkono wa pili: "Iwe na aya ngapi?" Wa tatu, mwanafunzi ambaye huwa wa kwanza au wa pili katika kila mtihani, aliuliza kama anaweza kuandika ile insha ya ajali ya barabarani ambayo alishawahi kuiandika na kupata alama nzuri.

Kila anayefundisha lugha nchini anaifahamu insha hiyo. Inaanza na asubuhi tulivu, ndege wanaimba, basi linakimbia kwa mwendo wa kasi, na inaisha kwa kuwaasa madereva. Watoto huihifadhi kwa sababu inawafaa. Msahihishaji mwenye rundo la karatasi anaitambua, na anayeitambua haipunguzii alama nyingi. Watoto wamefanya hesabu sahihi. Wamesoma uso wa mtihani kama wanavyosoma nyuso zetu, na wamejua kinachotakiwa.

Kwa hiyo nasita sana ninaposikia watu wazima wakisema kwamba vijana wa siku hizi hawana ubunifu. Wanao, na wameuelekeza wote katika kutukisia sisi.

Msichana mmoja, mtulivu, ambaye alama zake ni za katikati na ambaye jina lake mara nyingi mwalimu wa zamu hulikumbuka tu akipitia orodha, aliandika kuhusu mlenda wa kukausha. Alinionyesha mwenyewe mwisho wa kipindi, bila kuombwa. Alieleza jinsi bibi yake anavyoanika majani, na jinsi anavyojua kwamba yamekauka vya kutosha kutwangwa: huchukua kiganja kimoja, huyafinya karibu na sikio, na kama yanatoa sauti ya karatasi basi bado yana unyevu kidogo, lakini yakitoa sauti ya mchanga yako tayari. Nimekula mlenda tangu nijue kula. Sikuwahi kusikia habari ya kuusikiliza.

Nilimwuliza kwa nini hajawahi kuandika hivi katika mazoezi ya kawaida. Akajibu kwa utulivu kabisa, "Sikujua kama hili linahesabika."

Subira huagizwa kwa nani

Katika malezi yetu subira ni sifa kubwa, na methali zake tunazijua tangu utotoni. Lakini nimejaribu kukumbuka ni mara ngapi nimesikia subira ikiagizwa kwa mkubwa. Aagizwaye ni mwanafunzi, mke mgeni, kijana asiye na kazi, mdogo anayesubiri zamu yake ya kusema. Mkubwa ndiye anayeagiza. Mkubwa anaruhusiwa kusema "haraka", "hebu lete nikufanyie", "acha, utaharibu".

Subira niliyoiona Chamwino ilikuwa ya mkubwa. Mzee yule alikuwa na haraka zake kama mtu yeyote. Alikuwa na oda ya ilimba iliyotakiwa kabla ya mwisho wa mwezi, na misumari anainunua kwa fedha yake. Angeweza kuuchukua ule msumari na kuuponda mwenyewe kwa muda mfupi kuliko wa kuutazama ukiharibika. Kutofanya hivyo ilikuwa kazi, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kuponda. Nilipomtazama vizuri siku za baadaye niliona kwamba kila kijana aliposhika nyundo yeye hupunguza kasi yake mwenyewe ili aweze kusikia. Hakuwa anapumzika. Alikuwa kama vile vyuma visivyopigwa, yupo ndani ya muziki kwa kuitikia.

Watu wanaozunguka kwenye mashule na kumbi za mikutano kuhamasisha vijana huwa wana neno moja wanalolipenda: jiamini. Wanalisema kwa sauti kubwa, vijana wanalirudia, wanapiga makofi, wanatawanyika. Sina shaka na nia yao. Lakini mtoto aliyezoea kupima kazi yake kwa nyuso za wengine, ukimwambia ajiamini, atakutazama usoni kuona kama amejiamini inavyotakiwa. Umempa uso mwingine wa kusoma, tena wenye kipaza sauti.

Kujiamini ninakokusudia hakuhitaji kelele. Ni mtu kuweza kugusa alichokitengeneza, kusikia kwamba bado hakijakaa, na kutovunjika moyo kwa kusikia hivyo.

Kimya cha aina mbili

Hapa ndipo shaka yangu ilipokuwa kubwa, na ndiyo sababu nilichelewa kuandika.

Wengi wetu tumelelewa katika kimya. Tunajua nyumba ambamo baba hakuwahi kusema neno jema wala baya juu ya daftari la mtoto kwa sababu hakuwahi kulifungua. Tunawajua watoto waliojifunza kuchora, kuimba, kusuka au kutengeneza magari ya mabati bila mtu mzima hata mmoja kuwazuia, na bado walipofika umri wa miaka kumi na mitano waliviacha vyote, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuona. Kama kimya kingetosha kulea ubunifu, nchi yetu ingekuwa imejaa wasanii na wavumbuzi. Je, ninachokisifu kwa mzee wa Chamwino si kile kile kilichowaumiza wengine?

Nilimpelekea swali hilo mwenyewe. Nilimsalimu "Mbukwa", tukaulizana habari za nyumbani, habari za mvua, habari za mifugo, na baada ya kahawa nikamwuliza kwa nini hakumwambia kijana kwamba anaponda upande mmoja zaidi.

"Nilimwambia," akasema.

Nikamwambia sikusikia.

"Nilimpa msumari mwingine, mwanangu. Ningekuwa nimeona hawezi, ningempa kazi ya kufagia."

Nilihitaji siku kadhaa kulielewa jibu hilo, na nililielewa kwa kurudia kukumbuka vitu vilivyokuwa pale. Kopo la misumari lilikuwa limewekwa mahali ambapo mzee anaweza kulifikia bila kuinuka. Jiwe la kupondea lilichaguliwa, halikuokotwa tu. Kazi aliyopewa kijana ilikuwa ndogo kiasi kwamba kuiharibu kusingeharibu kitu kingine chochote: msumari mmoja, siyo sanduku lililochongwa kwa majuma. Na mzee alikuwa ameketi umbali wa kusikia. Vyote hivyo vilikuwa ni maneno. Mtu aliyenyamaza kwa kutojali haachi misumari karibu.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonitoa katika shaka, japo si yote. Bado najiuliza kuhusu mtoto ambaye ameshavunjika sana kabla ya kufika kwa fundi, ambaye kila kimya kwake ni adhabu kwa sababu nyumbani kimya huja kabla ya fimbo. Mtoto kama huyo nadhani anahitaji kwanza kusikia sauti ya mtu, kwa maneno ya kawaida kabisa, mpaka ajue kwamba kimya cha hapa hakina fimbo nyuma yake. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani hawezi kujua kwa mara moja nani ni yupi. Anaweza tu kukaa umbali wa kusikia, na kusikiliza.

Sehemu ambayo hakuna aliyeirekodi

Tukizungumzia ubunifu katika mkoa huu, hatuchukui muda mrefu kabla ya kumtaja marehemu Hukwe Zawose. Na ni haki. Alikuwa Mgogo aliyejifunzia muziki nyumbani kwa baba yake, Mwalimu Nyerere akamsikia na kumwita Dar es Salaam, akaja kufundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akapiga ilimba na zeze mbele ya watu wa mabara mengine mpaka alipofariki dunia mwaka 2003. Hadithi hiyo huwa tunaisimulia kuanzia kwenye majukwaa, na vijana wanaoisikia hubaki na picha ya mtu aliyezaliwa na kipaji kisha akagunduliwa.

Mimi huvutiwa na jambo moja ambalo hutajwa kwa haraka. Alipiga mazeze yenye nyuzi nyingi kuliko yale ya nyuzi chache yaliyozoeleka vijijini, na ilimba zenye vyuma vingi kuliko za kawaida. Fikiria maana yake kwa mtu anayeketi na chombo chake jioni. Kila uzi unaoongezwa unavuruga ile iliyokwisha kukaa. Vidole vilivyozoea njia zao vinapotea. Lazima kuna kipindi ambacho mtu wa namna hiyo husikika vibaya kuliko jirani yake mwenye zeze la kawaida, na katika kipindi hicho walio karibu naye ama humwambia arudi kwenye kile alichokiweza, ama humwacha.

Alikuwa na baba mpiga muziki. Naamini hilo lilihesabika zaidi ya tunavyosema. Mtoto wa mpiga zeze hukua akisikia baba yake mwenyewe akikosea, akisimama, akikaza uzi, akirudia. Anajua tangu mapema kwamba sauti mbaya ni sehemu ya kazi na kwamba haihitaji kuombewa radhi. Watoto wetu wengi hutuona tukiwa tumekamilika tu. Hawajawahi kuniona mimi nikifuta sentensi.

Kwa hiyo nilianza kuandika ubaoni mbele yao. Naandika aya bila kuitayarisha, naifuta nusu, nasema kwa sauti kwamba neno hili halijakaa, naweka jingine. Mara ya kwanza walidhani siku hiyo sikujiandaa, na huenda mmoja wao alimweleza mzazi wake hivyo. Mara zilizofuata walianza kunipa maneno. Siku moja kijana mmoja wa nyuma alisema sentensi ya kwanza niliyoiandika, ile niliyoifuta, ilikuwa bora kuliko ya pili, na akaeleza kwa nini. Alikuwa sahihi, nikairudisha. Hakunitazama usoni alipokuwa akisema. Alikuwa anatazama ubao.

Kolo

Kuna safari ya darasa ambayo sasa naielewa tofauti. Tulikwenda Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, kuiona michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mnaijua njia ile ya kupanda, mawe yanavyoteleza, na jinsi mtu anavyofika kwenye mwamba akiwa na pumzi fupi na kukuta watu warefu wembamba wekundu, wanyama, na alama nyeupe za baadaye, vyote vikiwa vimechorwa juu ya vingine. Mnyama amepita juu ya mtu, mtu mwingine amepita juu ya mnyama.

Mwanafunzi mmoja alimwuliza mwongozaji, "Upi ndio uliokamilika?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa aliuliza kile tulichomfundisha. Katika daftari lake kuna kazi iliyokamilika, imepigwa tiki, na kuna kazi mbovu iliyochanwa. Alikuwa amesimama mbele ya mwamba ambao vizazi vilirudi kuchora mahali palipokwisha kuchorwa, bila kuondoa cha mwenzao, naye alitafuta mahali tiki ilipo. Mwongozaji alimjibu kwa upole kwamba yote ni ya pale. Kijana aliandika jibu hilo kwenye daftari.

Gharama

Sitaki mtu anayesoma haya akidhani nasema jambo rahisi. Subira ya mkubwa ina bei, na si kila nyumba inaweza kuilipa kila siku.

Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na si mvua nyingi. Mbegu ikikosewa kupandwa hakuna msimu wa pili wa kusahihisha. Mzazi anayelima mtama au uwele katika ardhi kama hii hana nafasi ya kumwacha mtoto ajaribu jembe anavyoona, wiki mvua inaponyesha. Anasema "nipe nifanye mimi", na anasema kwa sababu chakula cha mwaka mzima kiko hatarini. Sidhani kama ni bahati tu kwamba ngoma nyingi na kazi za mikono ziliwekewa nafasi baada ya mavuno, wakati wa kiangazi. Wazee walijua ni wakati gani mtoto anaweza kuharibu kitu bila nyumba kulala njaa. Walijua pia kutenganisha vitu visivyostahili kuharibiwa na vile vinavyoweza.

Sisi tunaoishi mjini, wenye mishahara na maduka ya jirani, tumeichukua haraka ya msimu wa kupanda na kuitumia mwaka mzima. Mtoto anakata vitunguu vibaya, tunamnyang'anya kisu. Anachora ng'ombe mwenye miguu mitano, tunamhesabia. Anaandika shairi, tunauliza kama amemaliza kazi ya hisabati. Hakuna mvua inayotukimbia.

Na simu imeongeza nyuso. Wapo wanafunzi wangu wanaochora vizuri, huweka kazi zao mtandaoni jioni, na asubuhi wameshaziondoa kwa sababu hazikupata waliozipenda. Mmoja alinionyesha mchoro alioufuta hivyo, akiwa ameuhifadhi kwenye simu: mama anayeuza zabibu kando ya barabara, ndoo mbili, mkono mmoja ukifukuza nyuki. Mkono ule ulikuwa umechorwa na mtu aliyetazama kwa muda mrefu. Aliuondoa kwa sababu ya kimya cha watu ambao huenda hata hawakuwa wamefungua simu zao.

Nimefurahi kuona mtaala mpya ukiwapa vijana mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, na sera ya elimu iliyozinduliwa mwanzoni mwa 2025 hapa jijini ikizungumza kwa uzito juu ya ujuzi. Nauunga mkono kwa moyo. Hofu yangu ni kwamba tunaweza kuingiza nyundo na cherehani darasani na kuvisahihisha kwa kalamu ile ile nyekundu, na mtoto akaponda msumari huku akitutazama usoni.

Dada yangu na mimi

Jumamosi moja kijana alikuwa akipanga vyuma vya ilimba yake ndogo, ambayo tayari ilikuwa na sura. Aligusa kimoja, akakunja uso, akakisukuma ndani kidogo kwa nyundo, akagusa tena, akainamisha kichwa. Akakivuta nje. Akagusa hicho na cha jirani yake pamoja. Ilichukua muda mrefu, na mimi nilikuwa nimeketi mbele yake kabisa. Sikumbuki aliinua macho wakati wowote. Alipomaliza alikwenda kwa mzee, akaipiga, na hakuuliza kama imekaa. Alisema, "Babu, hiki cha tatu kinanisumbua." Mzee akaacha kazi yake kwa mara ya kwanza mbele yetu, akaishika ilimba, na wakaanza kuzungumza kwa Kigogo, haraka, kama mafundi wawili wenye tatizo.

Nilimpigia dada yangu usiku ule. Ni mkubwa wangu, yuko Singida, na mtoto ni wake. Amenikabidhi asome, hakunikabidhi apige ilimba. Nilimweleza kwa furaha na yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile ambalo nilijua ataliuliza: mtoto ana upimaji wa Kidato cha Pili mwishoni mwa mwaka, nauli ya kwenda Chamwino kila wiki inatoka wapi, na ilimba itampeleka wapi.

Sikuwa na jibu la swali la mwisho, na sikulitunga. Nilimwambia kwamba hesabu za kijana zimekuwa bora kidogo lakini siwezi kuapa kwamba sababu ni ilimba. Nilimwambia kwamba ameanza kufuta na kurudia mwenyewe kabla ya kuniletea daftari. Dada akanyamaza. Yeye ni mshonaji, ana vijana wawili anaowafundisha, na amewahi kunilalamikia kwamba hawawezi kukata kitambaa bila kumwita asimame pembeni yao.

"Hao wangu wananiita hata kwa pindo," akasema.

Tulizungumza juu ya vijana wake kwa muda mrefu kuliko tulivyozungumza juu ya mpwa wangu. Nilimweleza habari ya kopo la misumari. Akasema yeye anavyo vitambaa vya mabaki gunia zima, alikuwa anafikiria kuviuza kwa wanaojaza mito. Mwisho tulikubaliana hivi: kijana aendelee mpaka Septemba, kisha asimame hadi upimaji upite, na nauli tugawane. Alitaka pia mzee aulizwe kama atampokea tena Desemba, wakati mzee mwenyewe atakuwa shambani.

Nimemwuliza. Amesema mvua ikinyesha yeye hulima asubuhi, kwa hiyo aje mchana.